Skrubu Haiozi, Boti Ndiyo Inaoza

Nitasema kitu na najua kuna watu beach watanikasirikia. Ile skrubu ya stenlesi inayong'aa, ile ukiuliza unaambiwa "hii haishiki kutu mpaka uzeeke," ndiyo inaharibu boti za alumini huku kwetu. Na anayekuuzia hadanganyi. Skrubu kweli haiozi. Kinachooza ni boti iliyoishikilia.

Kama uko Nairobi au Eldoret na unajiuliza boti inakuhusu nini, subiri. Umewahi kuona bolti ya injini ya boda imekataa kufunguka mpaka fundi anaikata? Kifuniko cha injini ni alumini, bolti ni chuma, na katikati kuna unga mweupe umejazana na kukaza kama simiti. Huo ugonjwa ndio naongelea. Tofauti ni kwamba boda ikikataa unaisukuma hadi kando ya barabara. Boti ikikataa uko katikati ya ziwa saa nane usiku, giza, na maji yanaingia kwa shimo ambalo jana lilikuwa skrubu.

Osieko, kwa wale hawajafika, ni beach iko Bunyala, huko chini kabisa kwa Kaunti ya Busia ambapo ukigeuka kidogo uko Siaya. Watu wakisikia Busia wanafikiria foleni ya malori na watu wa kubadilisha pesa mpakani. Sisi ni ile Busia ya maji. Boti hapa karibu zote ni za mbao. Za alumini unahesabu kwa vidole, lakini zinakuja, nyingi zikiwa mitumba, kwa sababu mbao nzuri imepanda bei na boti ya mbao inakudai pamba, misumari na rangi kila mwaka kama mtoto wa boarding. Alumini ni nyepesi. Watu wachache wanaivuta hadi mchangani. Haitaki kuzibwa pamba, na hata rangi ukitaka usiipake, kwa sababu alumini ikiguswa na hewa inajifunika ngozi nyembamba sana, huwezi kuiona, na hiyo ngozi inailinda. Sufuria ya nyanyako ina miaka mingapi? Bado inapika ugali, si ndiyo?

Kwa hivyo alumini ukiiachia hewa na amani, inakaa. Shida inaanza siku tunaamua kuifunga vitu. Taa za omena. Sola. Betri. Pampu ya kutoa maji. Kiti. Mashine ya kuona samaki chini ya maji. Kila kitu kinataka shimo na kila shimo linataka skrubu.

Mafundi wetu ni wakali, hilo nisieleweke vibaya. Mzee anayeunda boti ya kuhimili mawimbi ya hili ziwa bila kuchora mstari hata mmoja kwa karatasi si mtu wa kuchekwa na kijana mwenye simu na kamera. Lakini elimu yake yote ni ya mbao. Kwa mbao, kila msumari unaishi maisha yake. Wa mbele haujui wa nyuma. Ukioza umeoza peke yake, unang'oa, unapiga mwingine kando, maisha yanaendelea. Alumini haiko hivyo. Boti nzima ni waya mmoja mkubwa. Chochote umefunga mbele kinaongea na chochote umefunga nyuma, usiku kucha, na wewe umelala.

Wale mlifika Form Four mnakumbuka ule mpangilio wa metali kwa kemia, ile mada kila mtu alikariri na kusahau siku ya mwisho ya mtihani. (Mimi niliacha chuo, sikuacha kemia.) Chukua metali mbili tofauti, ziguse, halafu zilowe. Hapo umeunda betri bila kukusudia. Metali iliyo tayari zaidi kutoa elektroni inaliwa, na ile nyingine inalindwa. Alumini iko kwa upande wa kuliwa. Chuma cha kawaida kinailia. Brasi na kopa zinailia vibaya zaidi. Na stenlesi, pamoja na kung'aa kwake kote, kwa maji inakaa upande mmoja na kina kopa. Ndiyo sababu inabaki safi: kuna mwenzake anayelipa.

Kopa ina ubaya wa ziada. Chembe zake zikiyeyuka ndani ya maji yaliyotuama chini ya boti, zinaenda kutua kwa alumini mahali pengine na kuanzisha vishimo vipya huko. Maana yake hata kipande cha waya kilichokatwa na kuanguka chini ya sakafu, ukakisahau, kinaweza kukutoboa. Kwa mbao hiyo ni takataka tu. Kwa alumini ni adui amelala ndani ya nyumba.

Sasa kuna vijana fulani hapa ambao walichanga wakanunua boti ya alumini iliyotumika. Walikuwa wanabeba watu na mizigo, wakati mwingine chakula cha samaki cha watu wa vizimba. Nilienda kushuti video yao nikidhani ni stori ya hustle. Nilikuta wanaume wanne wameinama wakiangalia unga mweupe. Pampu ilikuwa imeshikwa kwa skrubu za stenlesi moja kwa moja kwa alumini. Bawaba za sanduku la kuwekea makoti ya kuokoa maisha zilikuwa za brasi. Na waya hasi wa betri ulikuwa umefungwa kwa mwili wa boti, "kama gari," fundi aliwaambia. Mmoja wao akashika skrubu moja kwa vidole, bila bisibisi, akaivuta. Ikatoka na duara la boti.

"Kijana, hiyo ni stenlesi, haiozi," fundi akamwambia.

"Ni kweli mzee, ona ilivyo safi," akamjibu, akamwonyesha shimo.

Hakuna aliyecheka. Hiyo boti ni ada ya shule za watu. Na huku Budalang'i boti si ya kutafuta samaki peke yake. Nzoia ikivunja kingo, boti ndiyo barabara, ndiyo ambulensi, ndiyo inayotoa mama na watoto juu ya paa. Mwaka 2020 ziwa lenyewe lilipopanda, watu wa ufuo waliona maji yamekuja hadi mlangoni. Boti inayooza kimyakimya hapa si shida ya mwenyewe tu.

Nimeshasikia jibu: "Hayo ni mambo ya Mombasa, bahari ina chumvi, huku maji ni matamu." Nusu ya hilo ni kweli. Maji ya Victoria hayana chumvi ya kutosha kupitisha umeme vizuri, kwa hivyo kazi inaenda polepole kuliko baharini. Lakini angalia upande wa pili. Kwa sababu maji yanapitisha umeme kwa shida, ule mmomonyoko hauendi mbali. Unakaa palepale, milimita chache kuzunguka skrubu, na unachimba kwenda chini. Baharini pengine ungeona dalili sehemu kubwa ukashtuka. Huku unaona kiduara kidogo cheupe na unadhani ni sabuni. Halafu ongeza ute wa samaki, chumvi ya omena, gugu maji lililooza chini ya sakafu, matone ya asidi ya betri. Hayo maji yaliyotuama ndani ya boti si maji matamu tena.

Hii shida ni ya zamani kuliko sisi wote. Mwaka 1761 jeshi la maji la Uingereza liliivika meli yake HMS Alarm mabamba ya kopa chini, kuzuia minyoo ya kula mbao na viumbe vya kujishikilia. Iliporudi kutoka Karibi na kukaguliwa, chuma kilichogusana na kopa kilikuwa kimeliwa hovyo. Lakini kuna mahali chuma kilikuwa kizima. Unajua kwa nini? Kopa ilikuwa imekuja imefungwa kwa karatasi ya kaki, na sehemu zingine karatasi haikubanduliwa. Karatasi tu. Ilikaa katikati ya metali mbili na kuzizuia kugusana. Wazee wetu wa Lamu nao walikuwa wameruka kesi yote: mtepe ulishonwa kwa kamba za nazi, hakuna msumari, hakuna kesi.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Kufunga kifaa kwa boti ya alumini ni kazi ya kutenganisha kwanza, kukaza baadaye. Sisi tunaanza na drili.

Anza na kujiuliza kama shimo linahitajika kabisa. Taa inaweza kushikwa kwa kibano cha plastiki kwenye ukingo. Sola inaweza kukaa juu ya fremu iliyofungwa kwa mabenchi. Vitu vyepesi vinashikwa na gundi nzito ya poliyurethani, ile mafundi wa vioo vya magari wanatumia. Mashine ya kuona samaki ndiyo ina kishawishi kikubwa, kwa sababu sehemu yake moja lazima iwe ndani ya maji, na watu wanatoboa nyuma ya boti chini ya mstari wa maji bila huruma. Wenzetu wa nchi za nje wanatumia ubao wa plastiki nzito: unaubandika mara moja nyuma ya boti, halafu skrubu zote zinaingia kwa plastiki badala ya boti. Ukibadilisha mashine kesho, unatoboa ubao tena. Na si lazima uagize. Kile kibao cheupe cha plastiki cha kukatia nyama, kile kinene, kinafanya hiyo kazi. Lakini plastiki hiyo inateleza na gundi nyingi haziishiki, kwa hivyo kinashikwa kwa bolti mbili juu ya mstari wa maji, na hizo bolti mbili ndizo unazifanyia adabu zote.

Adabu ni gani? Washa ya nailoni chini ya kichwa, nyingine chini ya nati, na kipira au kipande cha mrija wa plastiki ndani ya shimo ili mwili wa bolti usiguse alumini. Shimo linakuwa kubwa kidogo kuliko bolti, ndiyo, fundi atalalamika. Chini ya kifaa chenyewe weka kipande cha mpira mgumu au plastiki. Halafu jaza kizibo kila mahali ili maji yasiingie, kwa sababu bila maji hakuna betri. Kuna mafuta mazito maalum ya hii kazi, Tef-Gel na Duralac ndiyo majina utasikia, lakini kuyapata Port Victoria utazeeka. Kizibo cha poliyurethani kinatosha kukuanzisha.

Hapa nikae kidogo, kwa sababu watu wengi wanakosea hapa. Silikoni ya hadiwea, ile ya bei nafuu, ile ukifungua inanuka siki, usiiweke kwa alumini. Ile harufu ni asidi inatoka wakati inakauka, na asidi inakula metali uliyotaka kulinda. Iko ingine isiyonuka siki. Ulizia, na kama muuzaji hajui, fungua unuse. Yaani pua yako ni kipimo cha bure.

Skrubu ya kujichonga yenyewe huwezi kuitenga kabisa, kwa sababu meno yake lazima yaume alumini. Ukilazimika, iwe juu kabisa mahali pakavu, iwe stenlesi, na iingie ikiwa imelowa kizibo. Mbona tena stenlesi baada ya kelele zote hizi? Kwa sababu ya ukubwa. Skrubu moja ndogo ya stenlesi kwa boti kubwa ya alumini inaleta mmomonyoko mdogo, ukiizibia maji unaishi nayo. Kinachoua ni kinyume chake: bamba kubwa la stenlesi limeshikwa na ribiti ndogo za alumini. Hapo ribiti zinabeba dhambi za bamba zima na zinaisha haraka. Na ukinunua ribiti za kufyatua, angalia ule msumari wa katikati. Nyingi zina msumari wa chuma cha kawaida, kipande kinabaki ndani ya ribiti, kinaota kutu, na umerudi mwanzo.

Rangi pia ina mtego. Ukipaka alumini peke yake na kuacha chuma kikiwa wazi, mkwaruzo mmoja kwa rangi unakuwa mahali pekee pa kuliwa, na unaliwa kwa kasi. Paka vyote. Na rangi ya kuzuia mwani yenye kopa ndani, ile inauzwa kwa boti za mbao na fiberi, isikaribie boti ya alumini hata kama ni zawadi. Hivyo hivyo mbao zilizopigwa dawa, zile za kijani kijani. Dawa nyingi za rangi hiyo zina kopa. Ukizitumia kama sakafu zikalowa, umelaza kopa juu ya alumini na kuifunika. Zulia lililolowa nalo linanyima alumini hewa, ile ngozi yake inashindwa kujirudisha, vishimo vinaanza hata bila skrubu yoyote.

Umeme sasa. Kama ungenisikia kitu kimoja tu, ningetaka kiwe hiki. Skrubu inaweza kuchukua miaka kukumaliza. Umeme uliopotea kutoka kwa betri unaweza kufanya hiyo kazi kwa wiki. Gari linatumia mwili wake kama waya wa kurudisha umeme kwa sababu gari haliogelei. Boti ya alumini usiifanyie hivyo. Kila taa, kila pampu, iwe na nyaya mbili hadi kwa betri, mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi, na fyuzi karibu na betri. Injini yenyewe mara nyingi tayari imeunganisha hasi na bodi yake, na bodi imebana boti. Hiyo huwezi kuikwepa, lakini usiongeze njia zingine. Na ukiondoka usiku, zima swichi kubwa. Waya uliochubuka ndani ya maji machafu haulali.

Kuna pia wale wamesikia kuhusu kipande cha zinki kinachofungwa chini ya boti ili kiliwe badala ya boti. Wazo ni safi, ni kama zinki ya mabati inavyokinga chuma kilicho ndani. Lakini zinki ni ya bahari. Kwa maji matamu inajifunika ngozi na kulala, unaiona nzima mwaka ukiisha na unafurahi, kumbe haijafanya kazi siku moja. Ziwani inatakiwa magnesiamu, au zile za mchanganyiko wa alumini. Ukipeleka hiyo boti Mombasa siku moja, badilisha, kwa sababu magnesiamu kwa maji ya chumvi inaisha mbio sana. Na usiipake rangi. Nimeona imepakwa rangi. Nzuri kabisa, bluu.

Najua mtu atasema turudi kwa mbao tu. Sikubali. Mbao ina magonjwa yake na miti inaisha. Ninachotaka ni kwamba kila boti ya alumini inayoletwa ufuoni, iwe ya kaunti, ya shirika, ya mwenye vizimba au ya chama cha vijana, ije na ukurasa mmoja wa Kiswahili unaosema hivi vitu, na pakiti ya washa za nailoni. Pakiti hiyo ni bei ya chai na mandazi za watu wawili. Vyuo vya ufundi vinavyofundisha kuchomelea madirisha ya alumini viongeze wiki moja ya hii. Na BMU, ambazo tayari zinakagua nyavu na makoti ya kuokoa maisha, zikague skrubu. Mzee fundi naye alipwe kwa muda wake wa kujifunza, kwa sababu sasa hivi tunamlipa kwa idadi ya mashimo.

Njia ya kujua kama kazi imefanywa vizuri haihitaji maneno mengi. Chukua mita ya umeme, ile ya kulia ukigusanisha ncha. Ncha moja kwa kifaa, nyingine kwa alumini iliyokwaruzwa kidogo mahali pakavu. Ikinyamaza, umetenganisha. Ikilia, fungua urudie, hata kama fundi ameshanawa mikono.

Wale vijana walilipia kiraka cha alumini kuchomelewa juu ya mashimo, wakatoa bawaba za brasi na kuvuta waya wa pili. Mashine ya kuona samaki bado iko ndani ya boksi. Kibao cha kukatia nyama wamenunua, washa za nailoni zimetoka Busia na mtu wa matatu. Wanafunga Jumamosi, mvua isiponyesha, na mzee fundi ameitisha ile mita aishike yeye mwenyewe.